Mtu wa Kuambiwa Siri ya Mali

 

Ndugu zetu Waislamu, hapana mtu katika sisi ambaye hajasimama nyuma ya jeneza akasikia maneno yanayosemwa kabla ya maiti kusaliwa. Walii wa maiti hugeuka akawaelekea watu, akawataka wamsamehe marehemu kwa aliyowakosea, kisha akasema kuwa mwenye kumdai na aje kwake. Watu huitikia, sala husaliwa, jeneza likainuliwa. Maneno haya tumeyazoea mno hata hatuyasikii tena. Lakini mtazameni uso kijana anayeyasema. Aghlabu yeye mwenyewe hajui ni nini anachojitwisha, kwa sababu babake hakumwambia kitu.

Si zamani sana tulimzika mtu mmoja katika watu wa mji wetu, mtu wa sala ya jamaa, mpole wa maneno, ambaye hatutamtaja jina wala mtaa. Mwanawe aliyasema maneno hayo kama ilivyo ada. Kabla siku tatu za matanga hazijesha walianza kuja watu. Alikuja mwenye duka la vyakula na daftari lake. Akaja rafiki wa marehemu aliyemkopesha fedha bila ya karatasi wala shahidi, naye aliona haya hata kusema ni kiasi gani. Akaja mtu mwengine na hati ya rehani, na rehani yenyewe ni bangili za dhahabu za mkewe marehemu, ambazo bibi huyo alikuwa akidhani zimewekwa kwa wifi yake. Na simu ya marehemu, iliyokuwa juu ya kabati, ilikuwa ikilia na kuingia ujumbe wa kudai asubuhi na jioni, kama kwamba mwenyewe yu hai na amekataa tu kujibu.

Yule bibi, naye yumo katika eda, alisema nasi kutoka nyuma ya pazia. Alituuliza neno moja tu. Alituuliza kuwa mumewe amekaa barazani pamoja nasi kila usiku baada ya Isha kwa zaidi ya miaka ishirini: je, hakumwambia hata mmoja wetu?

Hatukuwa na jawabu. Sisi tulikuwa katika watu wa baraza ile, na kwa ajili ya swali hilo ndiyo twaandika leo.

Kwanza na tukumbuke deni ni kitu gani katika dini yetu, maana watu wamelifanya jepesi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani nzima, nayo ni ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, haikushuka juu ya sala wala saumu wala hija, bali juu ya kuandikiana deni: liandikwe likiwa dogo au kubwa, mwandishi asipunje upande wowote, na mashahidi wawepo. Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Salama bin Al-Akwa' (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa akidaiwa dinari tatu wala hakuacha kitu cha kulipia, naye akakataa kumsalia, akawaambia masahaba wamsalie wenyewe, hata Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake, ndipo alipomsalia. Dinari tatu! Ni kweli kuwa baadaye, Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu milango ya mali, Mtume alikuwa akiwalipia yeye mwenyewe waliokufa na madeni. Lakini tujiulize: lau Abu Qatada hakujua kuwa yule mtu ana deni, na ni kiasi gani, angelibeba vipi? Deni lisilojulikana halina wa kulibeba.

Basi mtu mwenye mzigo huu amwambie nani? Hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Sisi watu wa pwani tu watu wa maneno. Katika baraza zetu twazungumza siasa ya Nairobi na vita vya Mashariki ya Kati, twajua mchezaji fulani wa mpira wa Uingereza amenunuliwa kwa milioni ngapi. Lakini hatujui jirani yetu ana siku ngapi hajapika chakula cha mchana. Mtu akiulizwa hali yake husema alhamdulillahi, na ni wajibu wake kusema hivyo. Walakini alhamdulillahi ni kumshukuru Mungu, si pazia la kufunikia daftari.

Na mtu akibanwa hata akaona hana budi kusema, aghlabu huwaendea wale ambao hawafai kuambiwa. Humwendea nduguye, na nduguye ana sehemu katika nyumba ya urithi. Atampa shauri gani huyu, ilhali shauri lolote lagusa kilicho chake? Au humwendea dalali, na dalali hapati kitu illa nyumba iuzwe, basi hataona dawa nyengine duniani isipokuwa kuuza. Au huingia katika afisi ya wakopeshaji, akakaribishwa kiti na kuulizwa habari za watoto, na yule anayemuuliza hulipwa kwa wingi wa mikopo anayoitoa. Au humwambia rafiki mwenye fedha, na hapo si kutaka shauri tena bali ni kuomba, hata kama hakutamka neno la kuomba; rafiki huyo husikiliza kwa sikio moja, na kwa jengine anahesabu ni udhuru gani atakaoutoa. Watu hawa wote huenda wakawa wema. Hatusemi kuwa ni wabaya. Twasema kuwa kila mmoja katika wao ana kitu chake ndani ya jambo lako, na mwenye kitu chake ndani ya jambo lako hawezi kukutazamia kwa jicho lililo safi, hata akitaka.

Siku hizi kumezuka na wa tano, naye ni simu. Simu haina haya wala haimuulizi mtu maswali, na ndiyo sababu watu wakaipenda. Mtu hubonyeza usiku wa manane, mkewe amelala, na fedha zikaingia kabla hajavuta shuka. Wamezitafutia nyongeza zao majina mazuri: mara ni ada, mara ni huduma. Na tufanye hesabu kidogo. Mtu akikopa shilingi 10,000 kwa siku 30, na ada ni saba na nusu kwa mia, atalipa 750 juu yake. Ni kidogo, husema. Lakini mwezi ukesha hana cha kulipia ila kwa kukopa tena zile zile. Akenda hivyo mwaka mzima amelipa shilingi 9,000 za hiyo iitwayo ada, na zile 10,000 za kwanza bado zi shingoni mwake kama siku ya kwanza. Hiyo ndiyo riba, ndugu zetu, hata ikivishwa kanzu na kilemba.

Tena wale walioikimbilia simu kwa ajili ya kuficha siri, wengi wao siri yao haikufichika. Kabla ya sheria ya mwaka 2021 iliyowatia wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu ya Kenya, na kanuni zake za mwaka 2022, walikuweko waliokuwa wakichukua majina yote yaliyomo katika simu ya mdeni, na siku akichelewa wakampigia mwajiri wake, mkwewe, na imamu wake. Kanuni zile zimekataza jambo hilo. Lakini walioaibishwa wamekwisha kuaibishwa. Mtu aliogopa kumwambia mmoja, wakaambiwa wote.

Twasema hivi: kila Muislamu mwenye mali au mwenye deni, na hapana asiye na kimojawapo, na awe na mtu mmoja wa kuzungumza naye faraghani juu ya mambo yake ya fedha, mtu asiyemdai wala hadaiwi naye, asiyemrithi, asiyetazamia kununua anachokiuza wala kupata ujira kwa analolifanya. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kutakwa shauri amewekewa amana, na sote twajua khiyana katika amana ni sifa ya nani.

Mfano ulio bora tumeachiwa katika habari ya Fatima binti Qais (r.a.), nayo imo katika Sahihi ya Muslim. Bibi huyu alipokwisha eda yake alichumbiwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, akamwendea Mtume kutaka shauri. Mtume hakumjibu kwa maneno ya kuzunguka. Alimweleza kuwa Abu Jahm fimbo yake haiondoki begani, na Muawiya ni fukara, hana mali. Kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zaid. Yeye hapo kwanza hakulipenda shauri hilo, lakini alilifuata, na Mwenyezi Mungu akamtilia kheri ndani yake. Tazameni mambo yaliyomo humo. Mali ya mtu ilitajwa waziwazi, kwa kuwa palikuwa na haja. Imamu Nawawi ameileta hadithi hii katika Riyadh as-Salihin, katika mlango wa kubainisha kusengenya kunakoruhusiwa, ili watu wajue kuwa kusema kweli mbele ya mwenye kutaka shauri si kusengenya. Na Mtume hakumpa bibi yule lile alilotaka kulisikia, bali alimpa linalomfaa.

Huenda msomaji akatuambia kuwa sitara ni katika dini, na kuwa mtu kufichua unyonge wake mbele ya watu ni kumshitaki Mola wake kwa viumbe vyake. Jawabu letu ni kuwa sitara ni kuyafunika mambo yasienee kwa wasiohusika. Mwenye donda halifunui sokoni, lakini akimfunika tabibu pia, hilo si sitara tena, ni kujiangamiza. Nabii Yaakub (a.s.) alimshitakia Mungu huzuni yake, na juu ya hivyo aliwatuma wanawe wende Misri kutafuta chakula na kumpeleleza Yusuf. Kumwachia Mungu hakukumzuia kusema na watu juu ya haja yake.

Ama mfano ambao twataka ukae katika nyoyo zenu ni ule wa Zubeir bin Al-Awwam (r.a.), mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Watu wengi humdhania mwenye madeni kuwa ni mpumbavu au mbadhirifu. Zubeir hakuwa hivyo. Watu walikuwa wakimletea fedha zao awawekee amana, naye huwaambia kuwa hachukui amana, bali anazichukua kuwa ni mkopo, kwa kuchelea zisipotee ikawa si juu yake kulipa. Kwa njia hiyo ya uaminifu deni likakua. Siku ya vita vya Jamal, mwaka 36 wa Hijra, alihisi kuwa atauawa siku ile. Akamwita mwanawe Abdallah, akamwambia kuwa hamu yake iliyo kubwa ni deni, akamuusia auze mali alipe, na akishindwa amtake msaada Mola wake. Katika saa ile ya panga, hilo ndilo alilolikumbuka.

Zubeir akauawa. Hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha ardhi, mojawapo ni Al-Ghaba karibu na Madina, na majumba kumi na moja Madina, mawili Basra, moja Kufa na moja Misri. Abdallah akalihesabu deni, akalikuta ni 2,200,000. Hapo akakutana na Hakim bin Hizam, mzee wa Kikureshi, akamuuliza nduguye ameacha deni kiasi gani. Abdallah akaficha, akasema ni 100,000. Hakim akasema kuwa haoni kama mali yao yatatosha hata hilo. Ndipo Abdallah akamuuliza: je, ingekuwa ni 2,200,000? Hakim akasema haoni kama wataweza, na kuwa wakishindwa na lolote wamtake yeye msaada.

Sisi tumesimama sana mahali hapa kila tunapoisoma hadithi hii katika darsa. Abdallah, pamoja na ushujaa wake ambao tarikhi yaujua, alimwogopa mzee mmoja mwema hata akapunguza deni mara ishirini na mbili. Basi wewe na mimi? Lakini alipokwisha kupunguza alirejea, akaufungua mlango kwa swali, na alipoufungua alikuta kuwa aliyesimama nje hakuja kumcheka. Kisha akaanza kazi. Al-Ghaba, ambayo babake aliinunua kwa 170,000, aliitia kima cha 1,600,000, akaigawa mafungu, akatangaza kuwa mwenye kumdai Zubeir na aje. Abdallah bin Jafar, aliyekuwa akidai 400,000, alitaka kusamehe. Mwana wa Zubeir akakataa. Akataka basi acheleweshwe nyuma ya wengine. Akakataa na hilo pia, akamkatia fungu la ardhi. Na warithi walipotaka wagawiwe mirathi, aliwazuia hata akatangaza katika misimu minne ya Hija, miaka minne mizima, kuwa mwenye deni kwa Zubeir aje achukue haki yake. Yote hayo yaliwezekana kwa kuwa baba alisema na mwanawe kabla ya kwenda kufa.

Sasa na turudi mjini kwetu. Mtu hatoki nyumbani akaenda kwa mshauri kupiga soga. Na aende na karatasi. Aandike anachomiliki kwa haki: ikiwa ni nyumba bila ya ardhi, kama zilivyo nyumba nyingi za Mombasa ambazo mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenyewe, basi aandike hivyo, asijidanganye kuwa ana milki ya kuuza kwa bei ya nyumba na ardhi. Aandike anachodaiwa, chote: cha dukani, cha ushirika, cha simu, karo ya watoto, na zamu ya upatu aliyokwisha kuila na hajamaliza kuitoa, maana wengi huisahau kuwa nayo ni deni. Aandike na mahari ya mkewe aliyoyaahidi siku ya nikaha na hajayatoa hata leo. Hili twalisema makusudi. Wako waume wanaohesabu deni la kila mtu, wakalisahau lile la mtu anayelala pembeni mwao.

Na mshauri kazi yake ya kwanza ni kunyamaza. Amwache mtu aseme hata amalize. Kisha aulize maswali ambayo ndugu na dalali hawaulizi. Tuchukue mtu aliyekuja kuwa ataka kuuza chumba cha urithi wake kwa sababu ana arusi ya binti. Ndugu angemwambia auze kwake. Dalali angemwambia auze kesho. Asiye na chake atamuuliza arusi hiyo ni ya shilingi ngapi, na katika hizo ni ngapi alizozitaka dini na ngapi zilizotakwa na majirani. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 hapa Mombasa, alilipigia kelele jambo hili la israfu kabla ya wengi katika sisi kuzaliwa. Tungali tukipika pilau ile ile, na masufuria yamezidi ukubwa.

Mara nyengine jawabu hutoka kwa mwenyewe, kwa kuwa hajapata kuyasikia mambo yake yakisemwa kwa sauti. Mara nyengine mshauri huona njia ya sulhu. Kaab bin Malik alipomdai Ibn Abi Hadrad msikitini hata sauti zao zikapanda, Mtume (s.a.w.) alifunua pazia la chumba chake, akamwashiria Kaab apunguze nusu, Kaab alipokubali, akamwambia yule mwengine asimame alipe iliyobaki. Hakumpendelea mdai, wala hakumwachia mdeni aondoke bure. Mdai naye ni mtu, tena huenda na yeye ana watoto. Na mdeni aliye katika dhiki ya kweli, Kurani imeamrisha apewe muhula hata apate wasaa. Lakini mdai atajuaje kuwa dhiki ni ya kweli, ikiwa mdeni akimwona njiani hupindia uchochoro mwengine? Apelekewe habari mapema, na yule asiye na upande ndiye anayefaa kuipeleka.

Ama kwa wanawake tuna maneno mbali, kwa kuwa wao ndio wanaoachwa na madeni wasiyoyajua. Mali ya mke ni ya mke. Mume hana ruhusa ya kuiweka rehani pete yake, sembuse bangili, illa kwa ridhaa yake. Mwanamke mwenye biashara ya viazi karai au ya nguo, au anayepokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Uarabuni, ana haja ya mshauri kama mwanamume, pengine zaidi. Tukisema faraghani hatukusudii awe peke yake na mwanamume asiye maharimu wake, hilo limekatazwa. Na aende na maharimu ambaye hana maslaha katika jambo lile, au, na hili ndilo bora, amwendee mwanamke mwenzake mwenye akili na amana. Wako wanawake hao. Twawajua wasimamizi wa upatu ambao kwa miaka kumi hawakupoteza shilingi ya mtu wala hawakutaja ya nani imechelewa. Lau misikiti yetu ingekuwa na watunza hazina wa namna hiyo, tungekuwa na mazuria mapya.

Yuko atakayesema kuwa Kadhi yupo. Kadhi yupo, na Mungu amhifadhi. Lakini kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, mahakama yake ni ya mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Deni lako wewe uliye hai na mwenye duka aliye hai halimfikii yeye. Litamfikia ukisha kufa, pindi warithi wako wakishindana mbele yake, maana Sura ya An-Nisaa imeweka deni mbele ya fungu la kila mrithi. Mtu asingoje kikao ambacho yeye mwenyewe hatakuwako.

Neno letu kwa wale watakaoendewa ni kali kidogo. Usimkopeshe mtu aliyekuja kwako kutaka shauri. Ukimkopesha umekuwa mdai wake, na toka siku hiyo tafuta mwengine wa kumshauri. Usinunue anachotaka kukiuza, hata kwa bei nzuri. Usichukue zawadi. Usimhadithie mkeo. Na nyinyi wenzetu mnaopanda mimbari, msiyachukue mliyoambiwa usiku mkayasema siku ya Ijumaa kuwa ni mfano wa mtu fulani asiyetajwa. Katika mji mdogo kila asiyetajwa hujulikana. Twakiri kuwa sisi wenyewe leo tumeanza kwa habari ya mtu asiyetajwa. Hatukuiandika illa baada ya mjane wake na mwanawe kutupa ruhusa, na mambo mawili ndani yake tumeyageuza.

Kijana yule, mtoto wa marehemu, alitujia baada ya sala ya Alasiri, wiki ya tatu. Alisimama penye viatu akingoja watu wapungue. Alisema kuwa amekusanya karatasi alizoziona, ila simu ya babake haifunguki kwa kuwa hawajui namba za siri. Akauliza kama twaweza kukaa naye mahali pasipokuwa pa watu. Mmoja wetu, ambaye si jamaa yao wala hakupata kufanya biashara nao, alimwambia aje kwake usiku ule baada ya Isha, na aje na daftari lolote hata likiwa limechanika, na asimfiche kitu.

Akaja. Kwa mara ya kwanza alisema deni ni kiasi cha shilingi elfu arubaini. Yule mwenzetu alimtilia chai, hakusema neno. Walipofika kikombe cha pili kijana akafungua mkoba, akatoa karatasi nyengine.